Nimepata sapu (mtihani wa marudio) ya umbile la meno: picha nazijua, jino likiwa mkononi silitambui

*"Shikamoo daktari. Nasoma udaktari wa meno, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Nimepata sapu ya anatomia na umbile la meno, na kilichoniangusha ni mtihani wa vitendo: meno yamepangwa mezani, kila moja na namba yake, kengele ikilia unahamia linalofuata. Michoro ya kitabuni nimeikariri yote, ukinionyesha picha nakutajia papo hapo. Nikishika jino lenyewe nachanganyikiwa, hasa kulia na kushoto, na gego la kwanza la juu na la pili. Wenzangu wanasema meno ya Waafrika hayafanani na ya vitabuni, ndiyo maana tunafeli. Wengine wananishauri nipakue programu ya meno kwenye simu. Mama ameanza kusema labda kichwa changu hakikuumbiwa fani hii. Zimebaki wiki sita. Nifanyeje?"*

Marahaba mwanangu, na pole na sapu. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na swali lako nimeletewa na wanafunzi ambao leo ni madaktari wazuri kabisa. Kwa hiyo la mama tulimalize kwanza: kichwa chako hakina tatizo. Mtu anayeweza kukariri michoro ya meno thelathini na mawili, kila moja kwa pande zake tano, ana kumbukumbu ya kutosha na ya ziada. Ulichokosa ni kitu kingine.

Mchoro umeshakufanyia nusu ya kazi kabla hujauangalia. Umeshaamuliwa mzizi uko juu au chini, upande wa shavu ndio unaokutazama, na jina limeandikwa pembeni. Jino lililoko mkononi halina juu wala chini, halina mbele wala nyuma, mpaka wewe ulipatie. Ni kama mtu aliyeikariri ramani ya Kariakoo mitaa yote, halafu ukamshusha kwenye daladala pale Msimbazi. Ramani anayo kichwani, lakini hajui uso wake umeelekea Mtaa wa Kongo au umeupa mgongo. Kurudia kuitazama ramani usiku kucha hakutamsaidia. Anachohitaji ni kujua aanze kuangalia nini akishashuka.

Kwa hiyo kabla ya jina la jino, jifunze kulirudisha jino mdomoni. Lishike kama lilivyokaa: la juu mizizi iangalie dari, la chini mizizi iangalie sakafu. Geuza upande wa shavu au wa mdomo ukutazame wewe, kana kwamba mgonjwa amekaa mbele yako. Halafu tafuta upande wa mesiali, yaani ule unaoelekea mstari wa kati wa uso. Mesiali ikiwa mkono wako wa kulia, jino ni la kulia la mgonjwa. Ikiwa mkono wako wa kushoto, ni la kushoto. Kanuni hii ni moja kwa meno yote, ya juu na ya chini, ya utoto na ya ukubwani. Simama mbele ya mwenzako umtazame meno ya mbele, kisha zunguka umtazame shavu la kulia, uthibitishe mwenyewe. Ukishaielewa kwa mwili wako hutaichanganya tena.

Swali linalobaki ni moja: mesiali nitaijuaje? Hapa ndipo kukariri kunaposhindwa na kuelewa kunapokuokoa, kwa sababu umbile la jino lina sababu zake. Naomba uvumilie aya mbili tatu, maana hili wengi hulipita haraka.

Jino halianzi kujengwa kwenye mzizi likapanda juu kama muhogo unavyoota. Linaanzia kwenye ncha za vilele vyake, ndani ya mfupa wa taya, na kushuka kuelekea shingoni. Mzizi ndio unaokuja mwisho. Kila kilele ni kitovu kimoja cha ukuaji, darasani tunakiita lobu. Meno ya mbele yana lobu nne: tatu upande wa mdomo, na moja upande wa ulimi ambayo ndiyo inayotoa lile tuta la mviringo karibu na fizi tunaloliita singulamu. Mtazame mtoto wa miaka saba au minane ambaye meno yake mapya ya mbele yametoka juzi. Utaona makali yake yana vijinundu vitatu kama msumeno. Hizo ni lobu tatu zikijionyesha kabla hazijasagika. Gego la kwanza lina lobu tano. Pale lobu mbili zinapokutana unabaki mtaro, na mitaro inapokutana kunabaki kishimo. Ndiyo maana kutoboka kwa magego huanzia kwenye vishimo vile vile, mgonjwa baada ya mgonjwa: mswaki haufiki chini ya mtaro, na masalia ya chakula yanakaa humo kama takataka kwenye mitaro yetu kabla ya masika.

Seli zinazojenga enameli, lile ganda gumu la nje la jino, hupotea jino linapochomoza. Enameli, ambayo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, haina fundi wa kurudi kuikarabati ikishavunjika. Kwa hiyo kila tuta na mtaro unaouona kwenye jino mkononi mwako ni alama ya ukuaji uliokwisha kabla jino halijaonekana mdomoni, ikapunguzwa tu na miaka ya kutafuna. Ukilishika jino ukiwa na wazo hilo, unaanza kulisoma badala ya kulilinganisha na picha.

Sasa chukua jino la kati la mbele, la juu. Kona yake ya mesiali ni kali, karibu pembe mraba, pale inapokutana na jino mwenzake katikati. Kona ya distali, ile ya mbali na mstari wa kati, imezungushwa. Jino la pembeni yake limezungushwa zaidi. Lakini kwenye meza ya mtihani unaweza kukuta jino lililosagika, kona zote zimeisha. Hapo shuka shingoni. Mstari ambapo enameli inakutana na mzizi haukunyooka; ukiliangalia jino kwa ubavu, umepinda kuelekea kwenye makali, na mpindo wa upande wa mesiali ni mrefu kuliko wa distali. Kwenye jino hili ni kama milimita 3.5 dhidi ya 2.5. Kutafuna hakufiki shingoni. Wanafunzi wengi hutazama tu kichwa cha jino, na jibu liko pale chini limewasubiri.

Tuje kwenye kinachokusumbua zaidi, gego la kwanza la juu. Lichukue sasa hivi kama unalo, liwe la plastiki au la kweli. Mizizi mitatu: miwili iko pamoja upande wa shavu, na mmoja mrefu, mnene, umejitenga na kuelekea kaakaa. Mzizi huo wa kaakaa peke yake umeshakwambia kuwa jino ni la juu, na umeshakuonyesha shavu liko wapi. Geuza sasa uangalie uso wa kutafunia kutoka juu. Si mraba; umesukumwa kona hadi ukawa kama msambamba uliolala. Vilele vinne, na kikubwa kuliko vyote ni kile cha mesiali upande wa kaakaa. Kutoka kwenye kilele hicho fuata kwa ncha ya sindano au kalamu tuta linalokatiza uso wa jino kimshazari hadi kwenye kilele cha distali upande wa shavu. Tuta hilo la mshazari ndilo ufunguo wako. Linapoanzia upande wa kaakaa ni mesiali, linapoishia upande wa shavu ni distali, na nyuma yake kunabaki kilele kidogo kilichojibana kwenye kona ya nne. Hapo rudi kwenye kanuni ya mikono, jibu la kulia au kushoto linakuja lenyewe.

Na kuhusu gego la kwanza na la pili, acha kutafuta tofauti moja itakayokuokoa daima. Haipo. Kuna ushahidi wa kupima kwa pamoja. Kwenye gego la kwanza mizizi imetawanyika. Kwenye la pili imekaribiana na huwa imelala kidogo kuelekea nyuma. Kile kilele kidogo cha kona ya nne kwenye la kwanza ni cha kuonekana, kwenye la pili kinazidi kupungua na wakati mwingine hakipo kabisa, uso ukawa kama moyo wenye vilele vitatu. Halafu kuna kile kinundu cha ziada kwenye ubavu wa kilele kikubwa cha kaakaa, kilichopewa jina la Georg Carabelli, daktari wa meno wa Austria aliyefariki mwaka 1842. Ukikiona, una sababu nzuri ya kusema ni gego la kwanza. Usipokiona hujathibitisha lolote, maana watu wengi hawana. Wanafunzi wanaoandika "si la kwanza, halina Carabelli" hupoteza alama kila mwaka.

Mtego mwingine nitakutajia kwa sababu uliwekewa hata kama hukujua. Kwenye chonge, mteremko wa kilele upande wa mesiali ni mfupi kuliko wa distali. Ukiizoea kanuni hiyo utataka kuitumia kwenye gego dogo la kwanza la juu, lile linalofuata chonge, na utakosea, kwa sababu kwenye jino hilo mambo yamegeuka: mteremko wa mesiali ndio mrefu. Usitegemee mteremko hapo. Pitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa jino, kutoka kwenye taji, yaani kichwa cha jino, kuelekea mzizini. Upande mmoja utahisi bonde limezama, na karibu nalo, kwenye taji, mtaro mdogo umevuka ukingo. Huo ni upande wa mesiali. Bonde hilo madaktari wa fizi wanalijua vizuri, maana uchafu ukishaingia pale kuusafisha ni kazi kweli kweli.

Meno ya kati ya chini usiyalilie sana. Ni madogo kuliko yote ya ukubwani na pande zake zinakaribia kufanana. Hata sisi tunaangalia mpindo wa shingo, tunaandika, tunaendelea.

Sasa hili la meno ya Waafrika. Wenzako wana chembe ya ukweli, lakini wameibebesha mzigo usio wake. Mpango wa jino ni mmoja kwa binadamu wote: tuta la mshazari, mizizi mitatu ya gego la juu, miwili ya gego la chini, vilele vitatu vya upande wa shavu kwenye gego la kwanza la chini. Kinachotofautiana ni mara ngapi vitu vya ziada vinatokea. Watafiti wa meno ya binadamu wameonyesha kwamba kwa watu wa kusini mwa Sahara mambo fulani yanaonekana zaidi: gego la pili la juu kubaki na mizizi mitatu iliyoachana vizuri, kilele kidogo cha ziada upande wa ulimi kwenye gego la kwanza la chini, na mitaro ya gego la pili la chini kuchora umbo la herufi Y, kama ya gego la kwanza, wakati vitabu vingi vinakuonyesha alama ya kujumlisha. Kwa hiyo ukikuta kwenye meno yaliyong'olewa hapa Dar es Salaam gego la pili la chini lenye Y, ukakimbilia kuandika "la kwanza", umeangushwa na kuamini alama moja tu. Jihesabie vilele, pima ukubwa, tazama mizizi. Michoro mingi ya vitabuni imetokana na meno ya Wazungu, hilo ni kweli na inafaa walimu tuliseme wazi darasani. Ila halielezi kwa nini mtu hajui kulia na kushoto.

Jambo lingine dogo linaloleta hasara kubwa ni namba. Kwetu tunatumia mfumo wa tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya mdomo, ya pili ni nafasi ya jino kutoka katikati. Gego la kwanza la juu kulia ni 16, na tunasema "moja-sita", hatusemi "kumi na sita". Video nyingi za mtandaoni zinatoka Marekani, ambako wanahesabu moja kwa moja kuanzia 1 hadi 32. Kwao 16 ni gego la mwisho la juu kushoto, na 14 ni gego la kwanza la juu kushoto, wakati kwetu 14 ni gego dogo la kulia. Nimewahi kusahihisha karatasi ya kijana aliyelitambua kila jino sawasawa, akaandika namba za mfumo mwingine nusu ya karatasi. Iliniuma.

Kuhusu vifaa nitakupa maoni yangu. Programu ya simu inafaa kwa jambo moja: kuligeuza jino na kuona uhusiano wa pande zake. Itumie wiki ya kwanza, kisha iweke pembeni, kwa sababu kioo cha simu hakina bonde la kuhisi kwa ukucha. Meno ya plastiki ni masafi mno. Yatakupa ujasiri ambao meza ya mtihani itauvunja. Meno ya kweli ndiyo mwalimu bora, lakini yapate kupitia maabara ya chuo. Usiyaombe pembeni kwenye kliniki na usiyabebe kwenye mfuko wa shati kupeleka hosteli. Jino lililong'olewa ni kiungo cha mtu, lina damu yake. Kabla ya kushikwa na wanafunzi linatakiwa kusafishwa na kuuliwa vijidudu, kwa otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa joto kali, au kwa kulowekwa kwenye dawa ya formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Lenye kujazwa amalgamu, ule mchanganyiko wa madini wenye zebaki, haliingii otoklevu, maana joto hutoa mvuke wa zebaki. Kila mara vaa glavu, na uliache kwenye maji, likikauka linapasuka.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote kinauzwa dukani mtaani kwako: sabuni ya mche. Kata kipande, chora jino la kati la juu likiwa limekuzwa mara nne. Jino halisi taji lake ni kama milimita 10.5, mzizi 13, upana 8.5, unene 7. Kwa hiyo kwenye sabuni taji ni 42, mzizi 52, upana 34, unene 28. Chora kwanza sura ya upande wa mdomo, ondoa kilichozidi kwa kisu kidogo chenye makali. Kisha chora sura ya ubavuni juu ya hicho kilichobaki, ondoa tena. Mwisho zungusha kona ya distali na uchimbe bonde la upande wa ulimi taratibu, ukiacha singulamu. Utakosea jino la kwanza, na la pili. Kwenye la tatu mkono utakwambia mwenyewe kwamba kona hii imezidi kuzunguka. Mtu aliyewahi kulichonga tuta la mshazari hawezi kulisahau. Makombo yapeleke kwenye ndoo ya kufulia.

Na kuna meno unayotembea nayo bure. Ukiwa umesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, mkono mmoja bombani, ulimi wako uko huru. Anzia katikati ya chini, rudi nyuma polepole. Utaihisi chonge imechongoka, kisha gego dogo la kwanza lenye kilele kirefu upande wa shavu na kijikilele kidogo upande wa ulimi, kisha la pili ambalo upande wa ulimi mara nyingi lina viwili. Kila ukihisi jino, litaje namba na sema moyoni mesiali iko wapi.

Nikueleze kwa nini sitaki upite sapu hii kwa kubahatisha. Kuna mama alimleta mwanawe wa miaka saba, gego la chini limetoboka, analia usiku. Akasema, "Daktari ng'oa tu, si la utoto hilo, litaota lingine." Gego la pili la utoto la chini na gego la kwanza la ukubwani vinafanana sana, na vinakaa jirani. Yule mtoto alikuwa na yote mawili. Lenye kutoboka lilikuwa la nyuma, kubwa zaidi, vilele vyake vitatu vya upande wa shavu havilingani, kile cha nyuma kidogo. La utoto lilikuwa jeupe zaidi, limebanwa shingoni, na vilele vyake vitatu vinakaribia kulingana. Gego lile lilichomoza akiwa na miaka sita, halikusukuma jino lolote kutoka, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyejua limeota. Na halina la kulirithi. Tulilitibu, hatukuling'oa. Baadhi ya familia hapa nchini bado zinapeleka watoto wachanga wakachimbwe "meno ya plastiki", wakiamini uvimbe mdogo kwenye fizi ndio unaoleta homa na kuhara. Uvimbe ule ni chonge ya utoto iliyo njiani. Kumchimba mtoto kunamletea maambukizi na kunaweza kuharibu hata chonge ya ukubwani inayojengwa jirani yake. Daktari anayejua jino linaanzia wapi anaweza kumkalisha bibi na kumweleza kwa heshima mpaka akaelewa.

Kwa wiki sita ulizonazo, fanya hivi: wiki mbili usiguse majina kabisa, rudisha tu kila jino mdomoni na useme kulia au kushoto. Wiki mbili zinazofuata chonga na utenganishe majirani, la kwanza na la pili. Mbili za mwisho mwombe mwenzako akuwekee meno ishirini mezani na kuhesabu dakika moja moja kwa simu, yakiwemo yaliyosagika na yaliyooza. Kila ukikosea andika ni alama gani uliyoiamini peke yake.

Kama baada ya wiki mbili za mwanzo bado kulia na kushoto hakukai, usisubiri. Nenda kwa mwalimu wa maabara, shika jino mbele yake huku ukisema kwa sauti unachokiona. Kosa lako litasikika ndani ya dakika tano, jambo ambalo mimi kwa maandishi siwezi. Kama mitaro midogo huioni vizuri hata kwenye mwanga wa dirishani, pima macho, kwa sababu nimeona waliokuwa wanahitaji miwani wakijiita wajinga. Na kama huko kusoma usiku kucha kumegeuka kukosa usingizi kabisa, hamu ya kula imeisha na unawaza kuacha chuo, onana na mshauri wa wanafunzi wiki hii hii, na mama mweleze unavyojisikia. Kwa mwalimu usiende mikono mitupu. Beba meno matatu ya sabuni, hasa lile la kwanza ulilokosea.